Maneno ya Ngassa

Kila asubuhi, chuma cha gurudumu la lori kilichotundikwa kwenye mkwaju kilipogongwa, watoto wote wa shule walikimbilia mstarini isipokuwa watoto kumi na mmoja. Hao walikuwa wa darasa la viziwi. Karibu wote waliendelea kufagia mbele ya ghala la zamani la pamba, ambamo walilala na kusomea, mpaka Mwalimu Paskalia alipojitokeza mlangoni na kupunga kitambaa chekundu. Hapo ndipo walipoweka fagio chini na kujipanga, tena kwa utulivu kuliko wenzao wenye masikio.

Katika hao kumi na mmoja, wa kwanza kufika mstarini siku zote alikuwa Mbuke, msichana wa miaka kumi na miwili. Wala haikuwa ajabu, maana Mbuke aliisikia kengele. Homa kali iliyomshika akiwa na miaka sita ililiua kabisa sikio lake la kulia, lakini la kushoto likabaki na uhai kidogo. Mtu akisimama karibu na kusema polepole alimwelewa, na alimjibu kwa mdomo wake mwenyewe. Akiwageukia wenzake alizungumza nao kwa mikono, haraka na bila kubahatisha.

Ilikuwa mwaka 1955. Shule yenyewe ilikuwa ndogo, mali ya serikali ya wenyeji, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka soko la Kishapu. Mwalimu Paskalia alikuwa amelelewa pamoja na mdogo wake aliyezaliwa kiziwi, na lugha ya mikono ya nyumbani kwao ndiyo aliyoanza nayo darasa lake. Watoto waliiongezea ishara zao wenyewe, hata ikawa lugha ya kutosha kufundishia hesabu, kusimulia hadithi na kugombana. Mwalimu Mkuu Eustace hakuijua. Alipotaka kusema na mtoto wa ghalani na Mwalimu Paskalia yuko mbali, aliita tu, "Mbuke aje."

Basi Mbuke akaja kujiona mtu mkubwa. Kusema kweli, alikuwa na kazi kubwa. Wazazi walipokuja kuwaona watoto wao, yeye ndiye aliyewaambia mtoto anasema nini. Nyumbani kwao alikuwa akiwekwa nyuma ya jiko wageni walipofika, aonekane haelewi kitu, na baba yake aliyefanya kazi machimboni Geita aliporudi likizo alimsalimu kwa kumpapasa kichwa tu. Hapa shuleni watu wazima walimngoja aseme. Hakutaka kurudi nyuma ya jiko.

Kando ya ghala lilisimama tangi la bati lililokusanya maji ya mvua kutoka paani. Nchi ile ni kavu. Mvua ikikatika Mei, watu hutazama mawingu mpaka Novemba. Wanafunzi wengine walikwenda kwao mchana, lakini watoto wa ghalani waliishi pale pale, na tangi hilo ndilo lililowawezesha kukaa. Kila siku mtoto mmoja alikuwa na zamu ya bomba. Aligawa maji, akalifunga, kisha akaweka kidole chini ya mdomo wa bomba na kuhesabu mpaka kumi. Kidole kikibaki kikavu, aliondoka. Kikilowa, alikaza tena, kwa kuwa bomba lilikuwa limechakaa na lilipenda kuachia, na mtoto asiyesikia angeweza kuliacha likivuja nyuma ya mgongo wake asijue. Mwalimu Paskalia alikuwa mpole katika mambo mengi, lakini si katika hilo la kidole.

Mbuke aliliona jambo hilo ni la viziwi. Yeye aliinamisha sikio lake la kushoto, akasikiliza, akaenda zake. Mwalimu alimkanya mara mbili. Mbele yake Mbuke aliweka kidole. Akiwa peke yake alirudia kusikiliza.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, Mwalimu Paskalia alipanda lori la pamba kwenda Shinyanga kutafuta vibao vya kuandikia na chaki. Jumamosi zamu ya bomba ilikuwa ya Ngassa, mvulana wa miaka kumi na mitatu, kiziwi tangu kuzaliwa. Ngassa alikuwa mtulivu na mwenye kupanga mambo yake. Hata viatu vyake vya mpira wa gurudumu alivilaza sambamba kabla ya kulala. Alasiri aligawa maji, akafunga bomba, akaweka kidole, akahesabu. Mbuke alimwona kwa macho yake, akiwa ameketi kizingitini.

Ngassa alipokwenda kucheza na wenzake, Mbuke alichukua kibuyu akalifungua bomba tena. Haikuwa zamu yake, lakini alitaka kufua gauni lake la Jumapili. Alijaza, akalizungusha bomba, akainama kusikiliza. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma na kupigapiga bati la paa. Sikio lake lilimletea upepo peke yake, naye akauchukulia kuwa ni ukimya wa maji. Akaondoka na kibuyu chake.

Jumapili asubuhi mbuzi wa jirani walikutwa wakinywa kwenye dimbwi kubwa lililozunguka tangi. Melania, mdogo kuliko wote darasani, aligonga bati kwa kiganja, akagonga chini zaidi, kisha akawageukia wenzake na kufungua mikono yake miwili mitupu. Tangi lilikuwa limekauka. Mbuke alisimama akiangalia matope, akajua pale pale kwamba ni yeye aliyeliacha bomba wazi.

Mwalimu Eustace alikuja akiwa bado na nguo zake za kanisani. Alizunguka tangi mara mbili. Si mtu mkatili, lakini ni yeye aliyekwenda kwa wakubwa kuomba ruhusa ya kuwaweka watoto hawa, na hakuwasahau wale waliomcheka.

"Nani alikuwa na zamu jana?" akauliza.

Mbuke alijibu, kwa kuwa ndiye aliyeulizwa. "Ngassa, mwalimu."

Lilikuwa jibu la kweli, na angeweza kuongeza maneno mawili matatu akamaliza mambo. Hakuyaongeza.

Jumatatu Ngassa aliitwa ofisini, na Mbuke aliitwa pamoja naye. Mwalimu Eustace alikaa nyuma ya meza. "Mwulize," alisema, "kwa nini hakufunga bomba."

Mbuke alimgeukia Ngassa akauliza kwa mikono. Ngassa alijibu bila wasiwasi, kila ishara mahali pake. "Nililifunga. Niliweka kidole nikahesabu mpaka kumi, kikawa kikavu. Mtu mwingine alilifungua baada yangu. Asubuhi niliona alama ya kibuyu kwenye udongo chini ya bomba, nami nilikuwa nimechota kwa ndoo. Mwambie mwalimu aulize nani alichota kwa kibuyu."

Mikono yake ilitulia. Chumbani palikuwa na watu watatu. Mmoja alisema, asisikiwe. Mmoja alisikia, asielewe mikono. Katikati yao alisimama Mbuke, na hakuna mwingine chini ya paa lile aliyejua maneno ya Ngassa ni yapi.

"Anasemaje?" aliuliza Mwalimu Eustace.

Mbuke aliliona jiko la nyumbani kwao, na wageni, na yeye mwenyewe nyuma yake. "Anasema alisahau," alisema. "Anasema alikuwa na haraka ya kucheza. Anaomba msamaha."

Mwalimu Eustace alishusha pumzi, akatikisa kichwa juu na chini taratibu, kama mtu aliyepata alichokitarajia. Ngassa aliona kichwa hicho kikiinama na kuinuka, akaamini ameeleweka. Akatabasamu. Mwalimu alilitazama tabasamu lile, uso ukamkunjamana.

"Tena anacheka," alisema. "Nitampelekea babu yake habari aje amchukue. Mtoto anayemwaga maji ya wenzake ya miezi minne simwezi. Wewe nenda. Usimwambie kitu, ataambiwa siku babu yake atakapofika."

Walipotoka nje Ngassa alimgusa Mbuke begani. "Ahsante," alimwambia kwa mikono. "Umenisemea vizuri." Kisha akatoa mfukoni michembe aliyoletewa kutoka kwao, vile vipande vya viazi vikavu, akamgawia nusu. Mbuke alivishika mkononi mpaka vikalowa jasho. Hakuweza kuvila, na hakuweza kuvitupa.

Siku hiyo na iliyofuata watoto wa ghalani walichimba visima vidogo kwenye mchanga wa mto uliokauka, wakabeba maji kwa madebe. Ngassa ndiye aliyechimba kwa bidii kuliko wote. Mbuke alifanya kazi karibu naye, na kila alipomwona akiinama alitamani kusema, kisha akaahirisha. Alijiambia kwamba babu huenda asije. Alijiambia kwamba Mwalimu Paskalia akirudi atatengeneza mambo. Mtu anayeogopa hupata maneno mengi ya kujiambia, na Mbuke aliyatumia yote.

Jumatano asubuhi mzee Maganga, babu yake Ngassa, alifika akisukuma baiskeli yenye kamba kwenye kiti cha nyuma, tayari kwa kufungia sanduku. Ngassa alimwona kutoka mbali. Alikimbia akamshika mkono, akawaonyesha wenzake ishara yake ya babu, guku wake, akiwa na furaha ya mtoto aliyetembelewa. Mzee alimtazama, akageuza uso.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwalimu Eustace.

"Marahaba, mwalimu. Mwangaluka." Mzee Maganga alimalizia kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akaegemeza baiskeli ukutani. "Ndugu zangu waliniambia kiziwi hafundishiki. Wakasema mpe fimbo achunge ng'ombe, basi. Niliwabishia, mwalimu, mbele ya ukoo mzima. Nikasema huyu ana akili kuliko nyinyi. Sasa nikirudi naye watanicheka mpaka nife. Lakini maji ni maji. Nimekuja kumchukua."

"Pole sana, mzee," alisema Mwalimu Eustace, na alikuwa amehuzunika kweli. "Mbuke, mwambie sasa. Mwambie anarudi nyumbani, hatasoma tena hapa."

Ngassa alimgeukia Mbuke, akingoja, bado ameushika mkono wa babu yake. Mbuke aliinua mikono. Ishara ya kurudi nyumbani ni rahisi, hata Melania aliijua siku yake ya kwanza. Mikono ikakataa. Ilibaki hewani mbele ya kifua chake, na Ngassa akaanza kukunja uso.

"Mwalimu," alisema Mbuke, "hakusema vile."

"Nani hakusema?"

"Ngassa hakusema amesahau. Alisema alifunga, akaweka kidole. Alisema kuna mtu alifungua baada yake. Ni mimi. Nilichota kwa kibuyu, nikafunga kwa kusikiliza. Mimi ndiye niliyemwaga maji."

Mwalimu Eustace alimwinamia. "Juzi ulinipa maneno ya Ngassa," alisema polepole, "na leo unanipa mengine. Nitajuaje yapi ni yake?"

Mbuke alikuwa amejiandaa kwa fimbo, hata kwa kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kusema kweli asiaminiwe, na hilo lilimuuma kuliko vyote. Alilia pale mbele ya watu. Mzee Maganga aliketi kwenye kivuli cha ukuta akasema kwamba kama ni hivyo, haondoki mpaka mwalimu wa mikono arudi.

Mwalimu Paskalia alishuka kwenye lori la pamba saa sita mchana, nguo zote vumbi. Alisikiliza maneno ya Mwalimu Eustace, kisha ya mzee, kisha ya Mbuke. Hakupandisha sauti. Aliweka mzigo wake wa vibao chini, akawakusanya watoto wa ghalani mbele ya darasa na Ngassa katikati.

"Mbuke," alisema, "kwanza mwambie Ngassa ulichomfanyia. Kwa mikono, polepole, wote waone."

Mbuke alimweleza. Alieleza kuhusu kibuyu, na sikio, na upepo, na yale aliyoyasema ofisini. Kadiri mikono yake ilivyokwenda, ndivyo uso wa Ngassa ulivyobadilika, mpaka tabasamu lake la Jumatatu likawa kitu ambacho usingeamini kiliwahi kuwa pale.

"Sasa," alisema Mwalimu Paskalia, "Mwalimu Mkuu atamwuliza Ngassa upya. Utamfasiria wewe. Mimi nitatazama tu." Akafunga mikono yake kifuani.

Mwalimu Eustace akauliza, Mbuke akafasiri kwa mikono, Ngassa akajibu. Alirudia yote, zamu, kidole, kumi, alama ya kibuyu. Mbuke aliyasema kwa sauti neno kwa neno, na Mwalimu Paskalia akakubali kwa kichwa.

"Ana lingine la kusema?" aliuliza Mwalimu Eustace.

Ngassa alikuwa nalo. Hakumtazama mwalimu tena, alimtazama Mbuke, na mikono yake ikaenda kwa nguvu hata viganja vikapigana. Watoto wengine walishtuka. Melania alificha uso.

"Anasemaje?"

Mbuke aliangalia mikono iliyofungwa ya Mwalimu Paskalia. Haikufunguka kumsaidia. Basi akapiga moyo konde.

"Ngassa anasema Mbuke ni mwongo," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilifika kwa kila aliyeweza kusikia. "Anasema alimshukuru, na Mbuke akaipokea shukrani huku akijua alichofanya. Anasema watu wasiosikia wamezoea kudanganywa na watu wanaosikia, lakini hakufikiri mwenzao wa ghalani angewafanyia hivyo. Anasema Mbuke amemtia babu yake aibu. Anasema hataki Mbuke amsemee tena." Akavuta pumzi. "Amemaliza."

Mwalimu Eustace alimgeukia Mwalimu Paskalia.

"Hakupunguza hata neno," alisema Mwalimu Paskalia.

Mwalimu Eustace alivua kofia. "Nami nina kosa langu," alisema. "Nilimhukumu mtoto kwa lugha nisiyoijua, na nimekaa nayo mlango kwa mlango miaka mitatu. Kuanzia kesho, Mwalimu Paskalia, nitakuja ghalani jioni kujifunza. Ngassa anabaki. Mzee, wapelekee ndugu zako salamu, waambie mjukuu wako amenishinda kesi." Mzee Maganga alifungua kamba kwenye baiskeli, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mbuke naye hakufukuzwa. Alipewa kazi ya kuteka maji mtoni kila asubuhi mpaka mvua ya kwanza, na aliambiwa kwamba hatamsemea mtu yeyote mpaka mtu huyo mwenyewe amchague. Siku hiyo hiyo alianza. Mwalimu Paskalia alishuka naye mpaka kwenye visima vya mchangani, wakasubiri maji yajae.

"Unajua kosa lako kubwa ni lipi?" alimwuliza, akisimama upande wa sikio lake la kushoto.

"Kumwaga maji."

"Hapana. Maji uliyamwaga kwa kiburi, na kiburi kinatibika kwa kubeba madebe. Kosa lako ni kwamba Ngassa alikukabidhi maneno yake, nawe ukayachukua ukaweka yako. Mtu anayemsemea mwenzake hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza, hata kidogo, hata akiogopa, hata maneno yenyewe yakiwa yanamchoma yeye. Sikio lako halikukufanya mkubwa kuliko wenzako, Mbuke. Limekupa kazi ya kuwa mwaminifu kuliko wao, kwa sababu wao hawawezi kukuchunguza. Leo mbele ya darasa uliifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza."

Mbuke alichota maji kwa kata, akajaza debe. Juu ukingoni Ngassa alikuwa akishuka na wenzake, kila mmoja na chombo chake.

"Mwalimu," aliuliza, "Ngassa atanisamehe?"

"Hilo ni neno la Ngassa," alisema Mwalimu Paskalia. "Siwezi kumsemea."

Mbuke alitua kata. Alipanda ukingoni akasimama mbele ya Ngassa, mahali ambapo jua halikumchoma Ngassa machoni na angeweza kuiona mikono yake vizuri, akamwuliza mwenyewe.

Ngassa alitua chombo chake. "Bado," alijibu. Kisha akaangalia debe lililojaa kule chini, zito kwa msichana mmoja, akashuka akalishika upande mmoja na kungoja Mbuke aje ashike wa pili.